Kaburi Lililokanyagwa na Ng'ombe

Nilirudi kijijini kwetu kiangazi kile nikiwa juu ya farasi. Najua watu wanasema napenda kujisifu, lakini hilo ni kweli tupu, na upande ule hakuna mwingine aliyewahi kulifanya. Wenzangu waliotoka wakafanikiwa walirudi na pikipiki. Mmoja alirudi na gari ambalo lilikufa kabla ya masika, na mpaka leo kuku wanatagia ndani yake. Mimi nilirudi na farasi jike wa rangi ya kahawia, mwenye doa jeupe usoni, niliyemnunua kwa jasho langu kwenye shamba moja la kaskazini ambako watalii hupanda farasi. Pale nilianza kwa kuzoa samadi. Nikajisomesha, nikapata stashahada ya afya ya mifugo, nikarudi shamba lile lile kuwatibu farasi ambao zamani nilizoa mavi yao. Hakuna mjomba aliyenisomesha. Vyeti vyangu vina jina langu tu.

Lori lilitushusha barabara kuu inayokwenda Geita, na kutoka hapo nikampanda. Ulikuwa wakati ule wa mwaka ambapo pamba imeshauzwa na mashamba yamebaki miti mikavu, upepo unabeba vumbi jekundu, na lambo limepungua hadi ng'ombe wanakunywa wakiwa wamezama matopeni. Watoto walinifuata wakipiga kelele. Mzee mmoja aliyekuwa akichunga mbuzi alisimama akaniangalia mpaka nikamfikia.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Kijana, huyu punda wako umemlisha nini?"

"Si punda, baba. Ni farasi."

"Sawa, ni farasi. Umemlisha nini?"

Bibi yangu, mama yake baba, nilimkuta juu ya mwamba ulio nyuma ya nyumba, anaanika michembe. Viazi vitamu alikuwa amevikata vipande vyembamba na kuvitandaza juu ya jiwe la moto, kama afanyavyo kila kiangazi. Alikinga jua kwa kiganja, akatuangalia mimi na mnyama kwa muda mrefu.

"Mume wangu umerudi," akasema. "Na umeniletea mke mwenza."

Nilicheka mpaka nikashuka vibaya. Lakini nilipoinama kumshika mikono, kicheko kilikatika. Macho yake yalikuwa mekundu kuliko nilivyoyaacha. Hayakuwa na wekundu wa mtu aliyekesha. Wekundu huu ulikuwa umekaa, umeingia hadi kwenye kope.

Mahali pengine, macho mekundu ya bibi kizee ni macho mekundu tu, anapewa dawa ya matone. Kwetu ni habari nyingine. Kila mtu anajua yanatokana na moshi wa kinyesi cha ng'ombe, ambacho wanawake wamepikia tangu miti ilipokwisha. Anajua leo, na mvua ikigoma au mtoto akifa, anasahau. Nilipokuwa shule ya msingi, ng'ambo ya bonde, bibi mmoja alikatwa mapanga mchana, amekaa mbele ya mafiga yake, ugali ungali jikoni. Tulisikia ukelele mmoja, mfupi. Baba alifunga mlango, akatuambia tumalize kula. Kesho yake watu wazima walizungumzia macho ya yule bibi, na hakuna aliyezungumzia mapanga.

Kwa hiyo kitu cha kwanza nilichofanya kwa Bibi, hata kabla ya kumjengea farasi banda, ni kumnunulia jiko la gesi. Alilishukuru, akaliweka kona ya nyumba, akaweka kibuyu cha maziwa juu yake. Akaendelea kupikia mafiga.

Nilikuwa nimerudi kwa jambo kubwa. Nilitaka kuirekodi historia ya ukoo wetu kabla haijazikwa. Huko kaskazini nilifanya kazi na watu ambao hata farasi wao wana ukoo ulioandikwa, baba, mama, babu, bibi. Mimi, msomi wa kwanza wa familia, nilikuwa naishia kwa babu. Niliona aibu. Nilichojua ni kwamba baba yake babu alitoka upande wa Shinyanga na ng'ombe wake, akifuata majani, akaenda magharibi mpaka alipokuta nyasi asizotarajia, na pale akajenga boma. Boma hilo lilikwisha zamani. Pamebaki mahame, matongo kama tunavyoita wenyewe, umbali wa asubuhi moja kwa miguu kutoka tunapoishi sasa: minyaa iliyokuwa ua, mawe ya kusagia, na udongo mweusi wa zizi ambao mpaka leo unaota majani ya kijani wakati pote kumekauka. Na ndani ya zizi hilo yeye mwenyewe amelala.

Hapa inabidi nieleze, maana vijana wa sasa hawajui. Mwenye boma alizikwa zizini, katikati ya ng'ombe wake. Alivingirishwa ngozi mbichi ya dume, akafukiwa, halafu kundi zima likapitishwa juu yake, likarudishwa, likapitishwa tena, mpaka udongo ukawa sawa na udongo mwingine. Hakikuwekwa jiwe wala mti. Mtu wa nje ya ukoo hakupaswa kujua mwenye mali amelala wapi. Wanaume waliochimba ndio walijua, wakawaonyesha watoto wao wa kiume. Kwetu wanaume hao walikwisha wote. Babu alikufa ghafla, na baba hakuwahi kuonyeshwa.

Alibaki Bibi, ambaye hakupaswa kujua kabisa. Wakati huo alikuwa mkamwana, ameolewa mavuno yaliyotangulia, na mkamwana hamsogelei baba mkwe wake hata akiwa hai. Mpaka leo hajawahi kulitaja jina lake, anasema tu "yule mwenye boma". Siku ya mazishi alitumwa apeleke maji mpaka langoni na ageuke. Hakugeuka haraka. Aliniambia hivyo mwenyewe, tukiwa tumekaa kivulini nyuma ya nyumba, simu yangu inarekodi.

"Niliangalia," akasema. "Nilikuwa mjinga, nilitaka kuona limechinjwa dume lipi."

"Kwa hiyo unajua alipo?"

"Kama ninavyojua mlango wa nyumba hii."

"Ni wapi, Bibi?"

"Kaburi halielezwi, mume wangu. Linaonyeshwa kwa mguu."

Nisingemharakisha kama wachimbaji wasingekuwa wameshafika. Mwezi mmoja kabla yangu, mtu aliyekuwa akichimba mzizi wa dawa karibu na minyaa yetu aliokota jiwe lenye dhahabu. Nilipofika mimi, mahame yalikuwa mji. Turubai za bluu, mama lishe, muziki, mashine za karasha zinasaga mawe kutwa nzima. Watu walikuwa wametoka Nyarugusu, Rwamgasa, na mikoa ambayo sijawahi kufika, Waislamu na Wakristo, watu wa kila lugha. Maduara, yaani mashimo yao, yalikuwa yanalisogelea zizi kama kundi la ng'ombe linavyosogelea maji.

Nilikwenda kwa mwenyekiti wa kijiji nikiwa nimevaa shati la mikono mirefu, nikazungumza naye kama mtu aliyesoma. Alinisikiliza. Akasema jambo la haki: siku ya mkutano wa hadhara, mbele ya wazee na jeshi la sungusungu, familia ionyeshe kaburi lilipo. Likionyeshwa, zizi lote litazungushiwa uzio na hakuna atakayeligusa. Lisipoonyeshwa, ardhi ni ya kuchimbwa kama nyingine.

Nilitoka pale nimeshinda. Niliagiza saruji, na fundi akaanza kuchonga bamba la jina.

Siku chache kabla ya mkutano Bibi alitaka kwenda kupaona kwanza. Miguu yake haifiki mbali tena, kwa hiyo nilimpandisha juu ya farasi. Nilikunja blanketi juu ya tandiko, nikamnyanyua, mwepesi kama mzigo wa kuni, nami nikatembea mbele nimeshika hatamu. Alikaa wima, khanga kichwani, miguu ikining'inia upande mmoja. Nilimwona kama malkia, na mpaka leo nikifunga macho namwona hivyo. Wanawake waliotoka kisimani walipiga vigelegele.

Lakini tulipoingia kwenye turubai, vigelegele havikuwepo. Watu waliacha kufanya walichokuwa wakifanya. Karasha moja ilizimwa, kisha nyingine. Wengi wao hawakuwahi kuona farasi, na hakuna aliyewahi kumwona bibi kizee mwenye macho mekundu akiingia machimboni juu ya mnyama mrefu kuliko mtu. Nilitazama nyuso zile nikajidanganya kwamba ni mshangao.

Bibi alishuka penye lango la zamani. Alivua ndala. Akafungua pindo la khanga, akatoa unga wa mtama alioufunga pale bila kuniambia, akaunyunyiza kwa vidole, akasema maneno machache ya Kisukuma kwa sauti ya chini. Alikuwa anamsalimia. Alikuwa anamwambia kwamba ni yule mkamwana wa maji, na kwamba amezeeka, amsamehe kwa kuja. Hakuingia ndani. Mbele ya wageni asingeweza.

Mwenye duara lililokuwa karibu zaidi, mtu mnene aliyevaa buti za mpira, alisogea.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu."

"Unamlisha nani hapa chini?"

Vijana wake walicheka. Bibi alicheka pia. "Simlishi mtu, mjukuu wangu. Nasalimia."

"Unamsalimia nani? Sisi tupo huku juu."

Kicheko cha mara ya pili kilikuwa kidogo zaidi. Nilimwambia yule bwana kwamba hapa ni kwetu, kwamba mimi ni mtaalamu wa mifugo mwenye stashahada, na kwamba siku ya mkutano atajua tunamsalimia nani. Aliniangalia mimi, akamwangalia farasi, akamwangalia Bibi. Macho yake yakabaki kwa Bibi.

Kesho yake mwamba ulikata kwenye duara lake. Ndivyo wanavyosema pale mstari wa mawe yenye dhahabu unapopotea ghafla na mtu anabaki anachimba jiwe tupu. Hukata kila siku, kwa kila mtu, tangu watu waanze kuchimba. Lakini keshokutwa yake ukakata na kwa jirani yake, na jioni ile baba mdogo, anayeuza maji kule machimboni, alirudi na punda wake mapema kuliko kawaida na madumu yamejaa.

"Hawanunui maji yangu," akasema.

"Kwa nini?"

Alimtazama mama yake aliyekuwa anageuza michembe juu ya mwamba, kisha akaanza kumwaga maji, dumu moja baada ya jingine, chini ya mti wa mwarobaini, ingawa maji wakati ule yalikuwa na thamani kama maziwa.

Siwezi kuueleza woga ule vizuri, kwa sababu ulikuwa wa mchana. Jua lilikuwa kali, kuku walikuwa wanachakura, kila kitu kilionekana mpaka mwisho wa bonde. Mtu yeyote aliyekuwa anakuja angeonekana mbali, na hilo ndilo lililokuwa baya, kwamba nilimwona kila mtu kwa muda mrefu kabla hajafika, na sikujua anakuja kwa lipi. Mke wa jirani alirudisha bakuli aliloazima, akaliweka nje ya ua bila kubisha hodi. Watoto waliokuwa wakija kumwangalia farasi hawakuja tena. Nilipompitia mtu njiani alinisalimia haraka, mwangaluka, mwangaluka, huku tayari amenipita.

Siku moja saa za mchana waliingia wanaume wawili, nywele zao nyeupe kwa vumbi la karasha. Walibisha hodi vizuri. Waliomba maji. Bibi mwenyewe aliwapelekea kata, akapiga goti kidogo kama alivyofundishwa kuwapa wageni maji. Mmoja alikunywa. Wa pili aliishika ile kata bila kuinywa.

"Bibi, macho yako yamefanyaje?"

"Moshi, mjukuu wangu."

"Moshi tu?"

"Na uzee. Uzee nao ni moshi."

Yule mtu alitabasamu, akaimwaga ile kata taratibu chini, mbele ya miguu ya Bibi. Nilikuwa nimesimama bandani na sindano ya dawa mkononi. Mimi niliyewahi kushika farasi dume aliyepagawa nikamlaza chini kwa kamba, sikuweza kuinua mguu. Waliaga vizuri pia. Wakati wanaondoka, yule wa pili alikuwa anaangalia nyumba: mlango wa mbele, dirisha la chumba cha Bibi, uwazi kati ya jiko na ua.

Jioni nilimwambia Bibi nitampeleka Shinyanga mjini, nipange chumba. Alikataa. "Anayekimbia anakuwa amekiri," akasema. "Na wakinifuata mjini, nani atanizika? Wewe na farasi?"

Nilimwambia basi kesho kwenye mkutano aonyeshe kaburi, watu waone alikuwa anafanya nini pale, jambo liishe. Niliamini hivyo kwa moyo wote. Mtu akielezwa ukweli kwa utaratibu anaelewa, ndivyo nilivyosomeshwa. Bibi aliendelea kuokota michembe, akiitia kwenye ungo.

"Nikiwaonyesha penye mfupa ambao hakuna mtu anaujua," akasema, "watauliza nimeujuaje."

Mkutano ulifanyika palepale kwenye mahame. Wazee walikaa kwenye mawe. Sungusungu walisimama na fimbo zao na filimbi shingoni, mtemi wao mbele. Nyuma yao wachimbaji, wengi sana, kimya. Nilimleta Bibi kwa mkokoteni wa punda safari hii. Mfuko wa saruji ulikuwa chini ya miguu yake, na bamba la jina, limefungwa gazeti, nilikuwa nimelishika mimi.

Mwenyekiti alieleza. Kisha mtemi wa sungusungu akamgeukia. "Mayu," akamwita kwa heshima, mama, "tuonyeshe."

Bibi alishuka. Alivuka lango. Alitembea ndani ya zizi, na nakumbuka jinsi nyasi zile za kijani zilivyomfika magotini. Kuna mahali alipunguza mwendo. Naapa alipunguza. Halafu akaendelea, akaenda hadi mwisho, akarudi, akazunguka, akasimama katikati kama kuku aliyepotelewa na vifaranga.

"Ni wapi, mayu?"

"Sijui, baba."

"Hujui?"

"Nilikuwa najua. Nimezeeka, kichwa kimekuwa chungu kilichotoboka."

Nilihisi bamba likinielemea mikononi. Nikaanza kusema kwamba alinieleza, kwamba ninayo sauti yake kwenye simu. Aliniangalia mara moja tu. Nikanyamaza.

Yule mwenye duara alipaza sauti kutoka nyuma. "Kama hujui, siku ile ulimsalimia nani? Unga ule ulikuwa wa nani?"

Fimbo zilitikisika. Kila mtu alikuwa anangoja jibu lile, na nilijua, kama unavyojua ng'ombe anayeinamisha kichwa atafanya nini, kwamba baada ya jibu hilo hakutakuwa na swali jingine.

Bibi alimtafuta yule mtu kwa macho yake mabovu, akikunja uso. "Wewe ni nani? Ni yule mama muuza maandazi?"

Mtu mmoja alicheka pembeni.

"Mjukuu wangu," Bibi akaendelea, "huyu mume wangu msomi alinipandisha juu ya lile lipunda lake, nikaona dunia iko chini yangu, nikadhani nimeshakufa. Niliposhushwa nikasema, kumbe mbinguni nako kuna vumbi na mama lishe! Nikatoa unga nikauza. Hamkununua."

Kicheko kilianza kwa wazee, kikaenda kwa sungusungu, kikafika kwa wachimbaji. Mtemi mwenyewe alijifuta machozi. Yule mwenye duara alitaka kusema kitu, lakini vijana wake walikuwa wanacheka kuliko wote, mmoja anamwita mama maandazi. Mchawi anaogopwa. Kikongwe aliyechanganyikiwa hana wa kumwogopa. Nilimwona Bibi amesimama katikati ya kicheko kile, anacheka nao, mdomo wazi, na mikono yake miwili imeshika pindo la khanga kwa nguvu.

Mtemi alisema mama huyu apelekwe nyumbani akapumzike. Mwenyekiti alisema zizi limekosa ushahidi.

Walianza kuchimba kesho yake. Mimi niliuza saruji. Bamba liko chini ya kitanda changu. Kila nikipita karibu na mahame nikaona ndoo inapandishwa kwa kamba kutoka duarani, nasimama kuangalia kilichomo, na kila mara ni mawe. Wananunua tena maji ya baba mdogo. Jirani ameliazima tena bakuli letu.

Nilisubiri siku kadhaa, halafu nikamuuliza Bibi tukiwa wawili tu alipunguza mwendo mahali gani. Alisema hakupunguza popote. Nilimuuliza majina ya wake wa yule mwenye boma, ambayo alikuwa amenitajia mwenyewe kwa mpangilio, akicheka. Alisema hakuwahi kuyajua. Akipita mtu njiani, hata jirani aliyemzalisha kwa mikono yake, humwita kwa sauti: "Wewe ni wa nani?" Mtu hucheka, hujitambulisha, huenda zake ametulia moyo. Mwanzoni niliona ujanja ule ni mkubwa kuliko stashahada yangu, na mimi huwa sisemi hivyo kirahisi.

Juzi nilimpelekea uji asubuhi. Alikuwa amekaa kwenye mwamba, mikono mitupu, michembe imekwisha kuanuliwa. Alipokea bakuli kwa mikono miwili, akaniangalia kwa adabu, kama mtu anavyomwangalia mgeni.

"Ahsante, baba," akasema. "Na wewe ni wa nani?"

Niligeuka haraka kuangalia njiani, nione ni nani anayepita. Hapakuwa na mtu.